Tembo Hakuamua

Katika karatasi za biolojia ninazosahihisha, viumbe wana akili kunishinda. Twiga alirefusha shingo ili afikie majani ya juu. Mmea wa jangwani uliona maji hayatoshi, ukayageuza majani yake kuwa miiba. Samaki alichoka kukaa majini, akaota miguu. Na tangu habari za tembo wa Gorongosa zianze kuzunguka kwenye simu, nimempata mwingine: tembo aliyegundua kwamba anauawa kwa ajili ya pembe, akaacha kuziota.

Huyu wa mwisho ndiye ninayempenda kuliko wote. Kisa chake ni cha kweli, ni cha jirani zetu, na mwanafunzi anayekiandika huwa amekosea mahali pamoja tu. Bahati mbaya, mahali penyewe ndipo palipoulizwa swali.

Gorongosa ni hifadhi ya taifa iliyo katikati ya Msumbiji. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia 1977 hadi 1992, wapiganaji wa pande zote mbili waliwawinda tembo wake kwa nyama na kwa pembe, wakawapunguza kwa zaidi ya asilimia 90. Kabla ya vita, katika kila majike 100, kama 18 au 19 hivi hawakuwa na pembe. Baada ya vita wakawa kama 51. Utafiti ulioyaeleza hayo kwa kina ulitoka mwaka 2021. Mwanafunzi akifika hapo anafunga ukurasa: tembo wamejifunza, wamejirekebisha, wameacha pembe ili waishi.

Hebu tumfuate tembo mmoja mmoja. Jike aliyekuwa na pembe siku vita vilipoanza alikuwa nazo siku aliyopigwa risasi. Hakuna aliyezidondosha kwa hofu. Jike asiyekuwa nazo alizaliwa hivyo, wala hakujua kwamba ana bahati. Mwenye bunduki alimtazama, akaona hana cha kumpa zaidi ya nyama, akamlenga mwenzake. Vita vilipokwisha, wengi wa waliobaki kuzaa walikuwa wa namna hiyo, na baadhi ya binti zao wakarithi. Tembo wenyewe, mmoja mmoja, walikuwa vilevile tangu mwanzo hadi mwisho. Orodha ya walio hai ndiyo iliyobadilika.

Tena lipo jambo ambalo wasimuliaji wa mitandaoni huliruka. Wanaozaliwa bila pembe ni majike tu. Watafiti waliufuatilia urithi huo hadi kwenye kromosomu ya X, na dalili zote zinaonesha kwamba dume anayeupokea hafiki kuzaliwa. Kwa hiyo mama asiye na pembe hupoteza karibu nusu ya watoto wake wa kiume wakiwa tumboni. Huwa nawauliza wanafunzi: kama huu ni mpango wa tembo, ni mpango gani unaoua nusu ya watoto wa kiume wa aliyeupanga? Darasa zima huanza kuangalia madaftari. Ni dakika ninayoipenda sana katika kazi hii.

Wataalamu wa elimu hulipa kosa hili la kumwona tembo kama mpangaji jina la teleolojia, yaani kueleza kitu kwa lengo lake, ukauweka mwisho mahali pa chanzo. Sina ugomvi na jina hilo, ila sipendi linavyotajwa kwenye semina zetu kana kwamba ni ugonjwa wa watoto wa shule za kata. Mwaka 1999 mwanasaikolojia Deborah Kelemen alichapisha utafiti alioufanya Marekani, ambako watoto wadogo waliulizwa kwa nini mawe fulani yamechongoka. Walipewa jibu la kwamba vipande vidogo vidogo vilirundikana kwa muda mrefu. Hawakulitaka. Wengi walipenda kwamba mawe yamechongoka ili wanyama wapate mahali pa kujikuna wakiwashwa. Mwaka 2009 yeye na Evelyn Rosset wakawapa watu wazima sentensi za aina hiyo wazikubali au wazikatae; waliobanwa na muda walikubali nyingi zaidi. Mwaka 2013 ikawa zamu ya wanasayansi wa vyuo vikuu vikubwa vya Marekani, watu wenye shahada tatu tatu. Nao wakikimbizwa waliteleza, japo si sana kama watu wa kawaida.

Maana yake ni kwamba lengo ndilo jibu la kwanza kutufikia kichwani, awe mtoto awe profesa. Elimu huliweka pembeni, hailifukuzi. Na mtihani wa taifa ni nini, kama si kukimbizwa na saa?

Tunamlaumu mtoto wakati sisi ndio tuliomfundisha hivyo. Katika mtaala niliofundishia kwa miaka mingi, Kidato cha Kwanza hadi cha Tatu ni kazi, kazi, kazi. Taja kazi za ini. Taja kazi za figo. Eleza jinsi chembe nyekundu ya damu inavyoifaa kazi yake. Jani ni bapa ili lipokee mwanga mwingi, ni jembamba ili hewa ifike ndani upesi. Kwa kila sentensi ya namna hiyo tunampa alama, miaka mitatu mfululizo. Halafu anafika Kidato cha Nne, muda umekwisha, mtihani wa moko uko mlangoni, ndipo tunamfungulia mada ya mageuko na kumwambia kwamba viumbe havijiwekei malengo. Ningekuwa mimi ni mtoto huyo nisingetuamini.

Lipo na jambo jingine ambalo walimu tunalipita kwa kunyata. Wanafunzi wangu wengi wamepitia madrasa au mafundisho ya kipaimara, na wanajua nani aliyeumba. Wenzangu husema hicho ndicho kizuizi. Mimi sijakiona. Mtoto anayeamini kwamba mvua ni rehema ya Mungu hupata alama zake zote kwenye mzunguko wa maji, maana anajua kuwa mwalimu wa jiografia anauliza habari za mvuke na mawingu. Kinachomkwamisha kwenye swali la tembo ni kumpa tembo uwezo wa kujiumba upya, uwezo ambao hata dini yake haijampa. Nikimwambia hivyo hucheka, na hapo tunaweza kuendelea na somo bila mtu kutoka darasani amenuna.

Mwalimu mwenzangu mmoja, hodari kweli, aliamua kuling'oa tatizo la malengo na mizizi yake. Darasani kwake ilikuwa marufuku kusema kiungo fulani kipo ili kifanye jambo fulani. Misuli ya moyo hukaza, shinikizo hupanda, damu hutoka. Basi. Wanafunzi wake waliandika sentensi zilizonyooka, na ukiwauliza vali za moyo ni za nini walikukodolea macho. Walijua zinafunguka lini na zinafunga lini, na hawakujua ingekuwaje kama zisingekuwepo.

Dawa hiyo siikubali, na shahidi wangu ni William Harvey.

Kabla yake, madaktari wa Ulaya walimfuata Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2: damu hutengenezwa kwenye ini, husambaa mwilini, na mwili huitumia ikaisha, kisha ini hutengeneza nyingine. Harvey, Mwingereza, alikwenda kusoma Padua, Italia, ambako mwalimu wake Fabricius alikuwa akionesha vijipazia vidogo vilivyo ndani ya vena za mikono na miguu. Fabricius aliandika kitabu kuvihusu mwaka 1603. Vipo kwa ajili gani? Yeye alidhani vinapunguza kasi ya damu isije ikajaa kwenye viganja na nyayo. Harvey hakuridhika. Miaka mingi baadaye, Harvey akiwa mzee, mwanasayansi Robert Boyle alimuuliza ni kitu gani kilimpeleka kwenye ugunduzi wake, naye akamjibu kwamba ni vijipazia hivyo: vimekaa vikiruhusu damu iende upande wa moyo tu na kuizuia isirudi, na hakuweza kuamini kwamba vimekaa hivyo bure. Kitabu chake kikatoka mwaka 1628. Ndani yake alipiga hesabu: damu ambayo moyo huisukuma kwa nusu saa ni nyingi kuliko damu yote iliyomo mwilini. Haiwezi kuwa inatengenezwa upya na kuisha. Lazima inazunguka.

Angalieni alivyofika. Aliuliza kitu hiki ni cha nini, na swali hilo likampeleka kwenye mwendo wa damu ambao hakuna aliyekuwa ameuona. Angekuwa darasani kwa mwenzangu, angenyimwa ruhusa ya kuuliza.

Hili huwa nalifundisha kwa moyo wa mbuzi. Namwagiza mwenye bucha mapema aniachie mishipa ya juu, asiikatie karibu. Moyo wa ng'ombe haufai sana, kwa kuwa mkaguzi wa nyama huwa ameshaupasua kutafuta vifuko vya tegu. Unauosha damu iliyoganda, unaukata ncha ya chini upate tundu la kuingilia chumba cha kushoto, kisha unachomeka bomba kubwa la sindano, bila sindano yenyewe, kwenye aota, ule mshipa mkuu mweupe mgumu. Sukuma maji kuelekea chini. Yanakataa. Yanajaa mshipani na kubaki yanatikisika pale pale. Ukichungulia kwa juu unaona vifuko vitatu, vyembamba kama utando wa ndani ya ganda la yai, vimejaa maji na kukutana katikati barabara. Sasa peleka maji kutoka chini: yanapita bila ubishi na kumwagika juu ya meza, na mara nyingi juu ya sketi ya aliyekaa mbele.

Baadaye wanafunzi wanafungana mikanda kwenye mikono, juu ya kiwiko, wasikaze sana. Vena zinatuna, na hapa na pale kwenye vena kunatokea kinundu. Weka kidole chini ya kinundu, kamua damu kwa kidole cha pili kuelekea juu hadi upite kinundu, kisha achia kile cha pili. Damu hairudi chini. Kipande kile cha mshipa kinabaki kitupu hadi utakapoinua kidole cha kwanza. Ndivyo Harvey alivyofanya, na mchoro wake wa mkono uliofungwa umo ndani ya kitabu kile. Vijana wanaochota maji na kubeba matofali ndio wenye mikono mizuri kwa kazi hii; siku hiyo huwa na vichwa vikubwa kweli.

Kwa hiyo nataka kazi ya kiungo itajwe, tena kwa sauti. Ninachodai ni deni lilipwe. Ukisema kitu kipo kwa ajili ya jambo fulani, uweze kunionesha jambo hilo liliwezaje kukifanya kitu kiwepo, wakati jambo lenyewe linakuja baada yake.

Moyo wenyewe unaweza kutusaidia hapa. Kila unapopiga hufanya mambo mawili: husukuma damu na hutoa sauti. Sauti hiyo ina manufaa, maana daktari huitegea sikio akajua vali ipi inavuja. Lakini hakuna kitabu kinachosema kazi ya moyo ni kutoa sauti. Tofauti iko wapi, na yote mawili yanatokea kila sekunde? Mwanafalsafa wa Marekani, Larry Wright, alilijibu mwaka 1973 kwa namna ambayo bado haijapitwa: kazi ya kitu ni lile tokeo lake ambalo kwa sababu yake kitu hicho kipo. Kwa wanafunzi nimelifupisha likawa swali moja ambalo wamechoka kulisikia: waliokosa walipatwa na nini?

Wanyama wa zamani waliozaliwa na vali zinazovuja sana walichoka upesi, waliliwa, hawakuacha watoto. Sisi ni uzao wa wale wengine. Kama wangekuwepo wenye moyo unaosukuma vizuri kimyakimya, wasingepungukiwa na kitu. Hivyo kusukuma ni kazi, na sauti ni sauti tu.

Kwenye vali swali hilo ni jepesi. Kwenye selimundu linauma.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa idadi ya watoto wanaozaliwa na selimundu, na sijawahi kufundisha shule ambayo haikuwa na mwanafunzi au ndugu wa mwanafunzi mwenye ugonjwa huo. Na daima yupo wa kuandika kwamba mwili wa Mwafrika ulitengeneza selimundu ili kujikinga na malaria. Wazo hilo hakulitoa hewani. Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alijiunga mwaka 1949 na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya, akakusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa wamebeba jeni ya selimundu. Nyanda za juu hawakufika hata mmoja katika 100. Pwani na ziwani kuna mbu na joto. Juu kuna baridi. Baada ya utafiti zaidi, mwaka 1954 alichapisha hoja yake: mwenye jeni moja ya selimundu na moja ya kawaida ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Alipingwa mwanzoni. Leo ni jambo lililothibitika.

Lakini soma tena jibu la mwanafunzi: mwili ulitengeneza ili ujikinge. Mwili gani? Jeni hii ilianza kama kosa la kunakili. Katika mnyororo mmoja wa hemoglobini, kiungo cha 6 kilibadilika, asidi ya amino moja ikachukua nafasi ya nyingine, jambo ambalo Vernon Ingram alilifumbua katikati ya miaka ya 1950. Makosa ya namna hiyo hutokea milimani na mabondeni, kwa walio na malaria na wasio nayo. Sasa uliza swali letu. Waliokosa kosa hilo walipatwa na nini? Milimani, hawakupatwa na kitu. Ziwani na pwani, wengi walikufa wakiwa wadogo kwa malaria, na wenye jeni moja wakabaki kuzaa. Je, waliopata jeni mbili, ya baba na ya mama? Hao waliumwa, na kwa karne nyingi walikufa mapema kuliko wote.

Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mgonjwa, 2 kati ya 4 za mbebaji, na 1 kati ya 4 ya mtoto asiye na jeni hiyo kabisa. Ndugu wa tumbo moja, na hesabu ya malaria na selimundu inawagawanya hivyo. Kamwambie mama aliyelala wodini na mtoto, viungo vimevimba, maumivu yanamliza hadi alfajiri, kwamba ugonjwa huo una lengo la kumkinga. Faida imekwenda kwa kaka yake mbebaji. Yeye mgonjwa, malaria ikimpata ni hatari kubwa kwake, ndiyo maana kliniki humsisitizia kinga yake. Mtu mwenye nia njema hapangi hivi. Hata mwenye nia mbaya angepanga kwa unadhifu zaidi. Kufa na kupona kwa watu wengi, kizazi baada ya kizazi, ndiko kulikoliacha jambo limekaa hivi, na wanafunzi wenye selimundu, kwa uzoefu wangu, huelewa mada hii upesi kuliko wenzao.

Vipo na vitu mwilini ambavyo swali langu halivipatii jibu lolote la kazi. Neva inayoiendesha koo ya sauti upande wa kushoto hutoka kwenye ubongo, huipita koo hiyo, hushuka hadi kifuani, huzunguka chini ya aota, kisha hupanda tena shingoni. Kwa binadamu ni mzunguko mdogo. Kwa twiga ni mita kadhaa za kwenda na kurudi, kwa safari ambayo ingetosha sentimita chache. Kwa mababu wa mbali wenye umbo la samaki, wasio na shingo, njia hiyo ilikuwa fupi. Shingo ikarefuka kidogo kidogo, neva ikavutwa nayo, na hapakuwahi kutokea kizazi cha kuikata na kuiunga upya. Maswali ya mtihani humpenda twiga kwa shingo yake. Kilichomo ndani ya shingo hiyo yanakisahau.

Mfano ninaoutumia kwa wanafunzi wagumu, wale wanaotaka lazima kiumbe kiwe kinajua, unatoka Laikipia, Kenya. Kwenye mbuga za udongo mweusi unaonata, huko na hata kwetu Serengeti, unaota mgunga mfupi wenye miiba iliyovimba chini ikawa vinundu vyeusi. Sisimizi hutoboa vinundu na kukaa ndani, na upepo ukipita kwenye matundu yale mti mzima hupiga mbinja. Mti pia huwatolea sisimizi utomvu mtamu kwenye majani. Tembo au twiga akigusa tawi, sisimizi hao hutoka kwa mamia na kumuingia puani. Ni rahisi kusema mti umeajiri walinzi.

Katika kituo cha utafiti cha Mpala, huko Laikipia, tangu 1995 kuna viwanja vilivyozungushiwa uzio ili wanyama wakubwa wasiingie. Todd Palmer na wenzake walitoa matokeo mwaka 2008. Baada ya miaka kumi bila tembo wala twiga, migunga ya ndani ilikuwa imepunguza vinundu na utomvu. Ukiishia hapo, mti unaonekana mwerevu sana: adui hayupo, mshahara wa nini? Lakini endelea kusoma. Sisimizi walinzi, wakiwa na njaa na wamekosa makazi, wakadhoofika. Jamii nyingine ya sisimizi, isiyolinda mti na inayopenda kukaa kwenye matundu yaliyochimbwa na viluwiluwi vya mbawakawa, ikateka miti mingi. Migunga hiyo isiyoliwa na mnyama mkubwa ikakua polepole na kufa zaidi kuliko ile iliyobaki nje ikitafunwa na tembo.

Kwa nini mti ujiponze? Kwa sababu hauna habari za kesho. Una kanuni moja tu iliyorithiwa: ukitafunwa toa zaidi, usipotafunwa punguza. Kanuni hiyo iliachwa na migunga iliyoishi katika nchi yenye tembo siku zote, ambako kutotafunwa kulikuwa jambo la msimu. Uzio wa watafiti haukuwamo katika hesabu hiyo. Mwanafunzi mgumu hujaribu kuutetea mti, kisha hugundua kwamba kila utetezi wake unahitaji mti uwe mpumbavu na mwerevu kwa wakati mmoja.

Sasa tutoke darasani, maana haya hayaishii kwenye alama. Waliokuwepo miaka ya 1980 na 1990 wanaikumbuka klorokwini: uchungu wake, na ule mwasho wa mwili mzima uliowafanya watu waombe ndoo ya maji usiku. Ikafika wakati haitibu. Tanzania ikaiacha mwaka 2001 na kutumia dawa za jamii ya SP, nazo zikalemewa, tukahamia dawa mseto ya ALu mwaka 2006. Muulize mtu kituo cha daladala kilichotokea, atakwambia vimelea viliizoea dawa, au mwili wake yeye uliizoea. Hata matangazo ya afya husema vimelea "hujenga" usugu, kana kwamba vilikaa kikao. Na anayeamini kwamba mwili umezoea atabadilisha dawa kama anavyobadilisha sabuni, au atapunguza dozi ili mwili usizoee. Hilo nimelisikia kwa wazazi wa wanafunzi wangu mwenyewe, watu waliosoma.

Ndani ya mgonjwa mmoja kuna vimelea mabilioni. Vichache, kwa kosa la kunakili, vilikuwa na protini inayoitoa klorokwini nje kabla haijaviua. Dawa ikaua vingine, na vile vichache vikapata mgonjwa mzima peke yavyo, kisha mbu, kisha kijiji. Ni Gorongosa tena, bunduki ikiwa kidonge.

Malawi iliwahi kuiacha klorokwini kabla yetu sote, mwaka 1993. Miaka ilivyopita, wapimaji wakaona vimelea sugu vinatoweka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ukaonesha kwamba watoto karibu wote waliopewa klorokwini huko walipona. Nikifika hapo husikia sauti ile ile: vimesahau. Nami naanza upya na swali langu, safari hii kwa upande wa pili. Dawa ilipoondoka, protini ile ikabaki mzigo usio na malipo. Vimelea vyenye mzigo vilizaliana kwa shida kuliko visivyo nao, vikapitwa.

"Kwa hiyo, madam, si irudishwe?" aliuliza msichana mmoja, na nadhani ndilo swali bora nililowahi kuulizwa katika mada hii. Nikamwambia Malawi yenyewe haikuirudisha kuwa dawa ya kawaida ya malaria; nao walikwenda kwenye mseto. Vimelea sugu bado vilikuwepo nchi za jirani. Akafikiri, akauliza vingehitajika vingapi ili tatizo lirudi. Vichache tu, nikamjibu, mradi dawa iwe peke yake.

Kijana wa nyuma ambaye kwa kawaida hulala kipindi cha saa nane akanyanyua mkono. Akasema basi isipewe peke yake. Nikamtaka aeleze. Akaja ubaoni, akachora vimelea vingi, akafuta vyote isipokuwa vitatu, akaandika dawa ya kwanza. Akachora tena vingi, akaandika dawa mbili, akafuta vyote. Akasema kimelea cha kuzaliwa na kosa la kuishinda dawa moja kinapatikana, lakini cha kuzaliwa na makosa mawili kwa mpigo ni cha kutafuta kwa tochi. Nikachukua boksi la ALu lililokuwa kwenye mkoba wangu, nikampa alisomee darasa majina mawili yaliyoandikwa ubavuni: artemeta na lumefantrini.